Gari la Pwani Hukaguliwa Chini

Kijana mmoja aliniomba nimfuate Malindi nikamkagulie Land Rover Series III aliyotaka kuinunua. Tuliikuta chini ya mkwaju, rangi ya maziwa iking'aa, viti vimeshonwa upya, na injini ya dizeli iliwaka mara moja bila kukohoa. Mwenyewe alisema gari limetunzwa vizuri, na alisema hivyo kwa moyo mweupe. Nikaomba mkeka, tochi na nyundo ndogo.

"Fundi, mbona hufungui boneti?" akauliza.

"Nitaifungua, mzee. Nianze huku chini kwanza."

Injini ya gari hilo, hata ikifa kabisa, fundi mzuri ataifufua, na vipuri vyake bado vinapatikana. Mwenye kuamua uhai wa gari kuukuu la pwani ni chasisi, ile fremu inayobeba kila kitu, na Land Rover ina namna ya kuificha habari yake. Ilipoonyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam, Aprili 1948, Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma baada ya vita. Kampuni ya Rover ikaunda sehemu kubwa ya bodi kwa aloi ya alumini na magnesi, ambayo haishiki kutu nyekundu. Chasisi ikabaki ya chuma. Series III ilitengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985 kwa utaratibu huohuo. Ndiyo maana unaweza kupaka rangi juu, gari likapendeza kama jipya, na huku chini limekwisha.

Chuma hushika kutu kikipata maji na hewa. Chumvi huyafanya maji hayo yapitishe umeme kwa wepesi, na ule umeme mdogo kati ya sehemu moja ya chuma na nyingine ndio unaoharakisha kuliwa kwake. Kuanzia Aprili kusi huvuma kutoka baharini na kurusha matone hadi barabarani. Tone likitua chini ya gari hufanyika yaleyale yanayofanyika kwenye mabwawa ya chumvi ya Gongoni na Marereni: jua hukausha maji, chumvi hubaki. Usiku unyevu ukirudi, chumvi huunywa na chuma hulowa tena, hata kama mvua haijanyesha kwa wiki tatu. Gari lisilotoka nje ya uwanja linaweza kuoza vilevile.

Tena fremu ya Land Rover ni kama bomba la pembe nne, wazi ndani. Mchanga na tope huingia, matundu ya kutolea maji huziba, na kutu huanza kula kutoka ndani kwenda nje. Jicho halioni kitu, ndipo unapohitaji nyundo. Chuma kizima hulia kwa sauti kali. Kilicholiwa hutoa mlio mfu, kama unagonga boga. Pakipakwa puti na rangi nyeusi, sauti bado itakwambia ukweli, na sumaku itakusaidia: haitashika vizuri penye puti nene.

Niligonga kuanzia mbele. Pakalia vizuri hadi katikati, na hata kile chuma cha ukuta kati ya injini na miguu ya dereva, ambacho huoza mapema, kilikuwa kizima. Nilipofika kwenye boriti ya nyuma magamba ya kutu yakanidondokea kifuani, mapana kama magome ya mti. Juu yake palikuwa na ndoana ya kuvutia trela.

"Mzee, lilikuwa likivuta mashua?"

"Naam, miaka mingi. Tukiishusha pale ufukweni, tunarudi kinyumenyume."

Basi tukafungua nati ya kujazia oili kwenye difu ya nyuma. Oili ikatoka nyeupe kama chai ya maziwa. Difu ikishapata moto safarini kisha ikazamishwa ghafla majini, hewa iliyo ndani hupoa na kusinyaa; kama tundu lake la kupumulia limeziba, difu hunyonya maji kupitia kwenye sili. Ukiona ndoana ya trela kwenye gari la Malindi, Watamu au Kilifi, uliza swali hilo kabla ya kuuliza bei.

Kuna pia unga mweupe kama chokaa kwenye viungo ambako alumini imekutana na chuma. Metali mbili tofauti zikigusana penye maji ya chumvi, moja hulika kwa ajili ya mwenzake, na hapa mlikaji ni alumini. Manahodha wa boti za injini wanalijua jambo hili. Ndiyo maana hufunga vipande vya zinki karibu na parapela, viliwe vyenyewe.

Land Cruiser za miaka ileile bodi yake ni ya chuma, kwa hiyo kutu hujitokeza wazi kwenye mifereji ya paa na pembeni mwa milango. Wanunuzi huikimbia. Mimi naona ina uungwana wake: inakuonyesha ugonjwa.

Sasa, kutunzwa ni nini? Jahazi hupandishwa pwani, likakwanguliwa na kupakwa deheni upande unaokaa majini. Gari la huku linataka ihsani hiyohiyo. Nililiona moja Kilifi, rangi imefifia hadi linatia huruma, lakini chini lilikuwa jeusi kwa grisi nzito, matundu yote yamezibuliwa kwa waya. Mwenyewe huliosha tumboni kwa maji ya mfereji yanayotoka Baricho, si ya kisima, maana visima vingi vya karibu na ufuo vina chumvi. Oili chafu wengi huitumia kupaka, nayo huzuia maji, ila huharibu mipira na humwagika ardhini; grisi au nta ya magari ni bora, na breki zisiguswe kamwe. Lile ningelinunua bila kulifanyia jaribio la mwendo.

Sheria za Kenya haziruhusu kuingiza gari lililotumika likiwa na zaidi ya miaka 8, kwa hiyo haya yaliyopo ndiyo tuliyo nayo. Lingine la kukagua ni namba ya chasisi, ambayo kwenye Series III imepigwa mhuri mbele upande wa kulia, penye springi. Ifute kwa petroli uisome, uilinganishe na logibuku, pamoja na namba ya injini, kwani Land Rover nyingi zimeshabadilishwa injini. Kutu ikishaila namba hiyo, kuhamisha umiliki kutakutesa.

Gari la Malindi namba zake zilisomeka zote. Mzee alikubali kupunguza kwenye bei gharama ya boriti ya nyuma na matengenezo ya difu, na wiki hii liko kwa fundi wa kuchomelea. Nimemwambia kijana ahakikishe tangi la mafuta limeshushwa kabla moto haujawashwa.