Diski ya SSD ya kubeba: ipi inafaa kwa kazi ipi?

Mzigo unaweza kuwa umeshavuka Tunduma au Malaba, ushuru umelipwa na mteja ameshapokea bidhaa zake, lakini karatasi zake bado hazijamaliza kazi. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inampa ofisa wa forodha uwezo wa kumtaka mwenye mali atoe vitabu, kumbukumbu na hati zote zinazohusu bidhaa ndani ya miaka mitano tangu bidhaa hizo zilipoingizwa au kusafirishwa nje. Anayeshindwa kuzitoa anajiweka katika hatari ya kushitakiwa, na anakosa ushahidi wa kujitetea endapo thamani aliyotangaza itatiliwa shaka.

Ndiyo maana ofisi nyingi za mawakala wa forodha, wafanyabiashara na wasafirishaji huchanganua ankara, hati za shehena, vyeti vya uasilia na stakabadhi za malipo, kisha kuzihifadhi nje ya kompyuta. Kifaa kinachozidi kutumika kwa kazi hiyo ni diski ya nje ya SSD, ambayo huingia mfukoni na kuchomekwa kwa waya wa USB.

Tatizo ni kwamba madukani diski hizi huuzwa kwa namba mbili tu: ukubwa na kasi. Mnunuzi asiyejua kazi yake inahitaji nini hulipia namba asizozitumia, na wakati huohuo huacha mambo ambayo yangemwokoa. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2025 bei za chipu za kumbukumbu zilipanda katika soko la dunia kutokana na mahitaji makubwa ya vituo vya kompyuta vya akili bandia, hivyo kununua kwa makisio kumekuwa ghali zaidi.

Tofauti na diski ya kawaida

Diski ngumu ya kawaida ina sahani inayozunguka, mara nyingi mizunguko 5,400 kwa dakika, na kichwa kinachosoma kikiwa karibu mno na sahani hiyo. Ikidondoka au kutikiswa wakati inafanya kazi, kichwa kinaweza kukwaruza sahani na kumbukumbu zikapotea.

SSD haina kitu kinachozunguka. Kumbukumbu zake hukaa ndani ya chipu, kama zilivyo katika simu au flashi. Kwa kifaa kinachosafiri kwenye lori, basi au pikipiki kutoka ofisini hadi mpakani, tofauti hiyo ni kubwa kuliko kasi yenyewe.

Hata hivyo, diski ya kawaida haijapitwa na wakati. Kwa ukubwa uleule bei yake ni ya chini, hivyo inafaa kwa kumbukumbu nyingi zinazokaa mahali pamoja ofisini bila kuguswaguswa.

Hati: ukubwa mdogo unatosha

Chukulia wakala anayeshughulikia mizigo 40 kwa mwezi, kila mzigo ukiwa na kurasa 30. Ukurasa uliochanganuliwa kwa rangi na kusomeka vizuri unaweza kuchukua takriban megabaiti 1. Hiyo ni GB 1.2 kwa mwezi, GB 14.4 kwa mwaka na GB 72 kwa miaka mitano.

Kwa ofisi kama hiyo, diski ya GB 500 inatosha na nafasi inabaki. Kununua ya TB 2 kwa ajili ya hati peke yake ni kufunga fedha ambazo zingenunua diski ya pili, na kama itakavyoonekana hapa chini, diski ya pili ndiyo yenye manufaa zaidi.

Mnunuzi asishtuke akichomeka diski ya GB 500 na kompyuta ya Windows ikamwonyesha karibu GB 465, au diski ya TB 1 ikaonyesha 931. Huo si wizi. Mtengenezaji huhesabu kwa elfu, na Windows huhesabu kwa 1,024.

Kasi hutegemea tundu la kompyuta

Diski nyingi za SSD za kubeba za daraja la kati, kwa mfano Samsung T7, hutangazwa kuwa na kasi ya kusoma ya takriban megabaiti 1,000 kwa sekunde. Za daraja la juu, kama Samsung T9, hutangazwa kufikia 2,000. Lakini kasi hiyo hupatikana tu ikiwa tundu la USB la kompyuta na waya unaotumika vinaihimili.

Tundu la USB 2.0, ambalo bado lipo kwenye kompyuta nyingi za zamani, hupitisha megabaiti 30 hadi 40 kwa sekunde. Tundu la gigabiti 5, ambalo mara nyingi huwa na rangi ya buluu ndani, huweza kupitisha 400 au zaidi. Tundu la gigabiti 10 hufikia karibu 1,000. Ili diski ya 2,000 ifikie kasi yake, tundu linatakiwa kuwa la gigabiti 20 la aina maalumu ambayo kompyuta nyingi hazina. Diski hiyo ikichomekwa kwenye kompyuta hizo itafanya kazi, lakini kwa kasi ya ile ya bei nafuu.

Zile GB 72 za miaka mitano zinaonyesha maana yake kwa fedha. Kwenye USB 2.0 kuzinakili huchukua zaidi ya nusu saa. Kwenye tundu la gigabiti 5 ni kama dakika 3. Kwenye la gigabiti 10 ni kama dakika moja na robo. Mafaili madogo mengi huongeza muda. Kutoka nusu saa hadi dakika 3 ni faida ya kweli. Kutoka dakika 3 hadi moja na robo, kwa karani anayefanya kazi hiyo mara moja kwa wiki, si faida ya kulipia.

Kasi kubwa inamfaa anayehariri video moja kwa moja kutoka kwenye diski, kama vile studio inayotengeneza matangazo. Naye aangalie jambo moja zaidi: baadhi ya diski za bei ya chini huanza kwa kasi kubwa, kisha hupunguza mwendo sana baada ya kuandikiwa makumi ya GB mfululizo.

Wasafirishaji na kamera za malori

Kwa mwenye malori hesabu ni nyingine. Kamera ya mbele ya gari inayorekodi kwa megabiti 15 kwa sekunde hujaza GB 6.75 kwa saa. Lori likitembea saa 10 kwa siku ni GB 67.5. Malori matano kwa siku sita yatazalisha zaidi ya TB 2.

Ni wazi kuwa kuhifadhi kila kitu kwenye SSD hakulipi. Lakini kuna hatari upande wa pili. Kadi ya kumbukumbu ya GB 128 ndani ya kamera hujaa kwa saa 19 hivi, kisha kamera huanza kurekodi juu ya picha za zamani. Dereva aliyegongwa Jumatatu na kuendelea na safari anaweza kufika Jumatano picha za ajali zikiwa zimefutika, na msafirishaji akabaki na neno lake dhidi ya neno la mwenzake mbele ya polisi au kampuni ya bima. Baadhi ya kamera hulinda kipande cha tukio zinapohisi mshtuko, lakini si za kutegemewa kwa mgongano mdogo au wizi wa mzigo kwenye maegesho.

Utaratibu unaofaa ni dereva au msimamizi kunakili vipande vya matukio siku hiyohiyo: ajali, kusimamishwa, kupimwa kwenye mizani, kufunguliwa kwa lakiri. Simu nyingi za Android, na iPhone kuanzia toleo la 15 la mwaka 2023, hupokea diski ya USB-C moja kwa moja bila kompyuta. Kwa kazi hiyo SSD ya TB 1 yenye kasi ya kawaida inatosha, na sifa ya kulipia ni uimara.

Uimara husomwa kwenye alama ya IP. IP65, mathalani, ina maana vumbi haliingii na maji yanayorushwa kwa mpira hayadhuru, lakini si ruhusa ya kutumbukiza diski kwenye ndoo. Samsung T7 Shield ina alama hiyo na hutangazwa kuhimili kudondoka kutoka mita 3. Diski isiyo na alama yoyote ibaki ofisini.

Jambo jingine ni joto. Diski nyingi za kubeba zimeruhusiwa kufanya kazi kwenye joto lisilozidi nyuzi 45 hadi 60, na dashibodi ya lori lililoegeshwa juani huweza kupita hapo. Mahali pake ni ndani ya begi, kivulini.

Diski ikipotea mpakani

Ankara zina bei za mnunuzi na muuzaji. Mafaili ya madereva yana namba za pasipoti na simu. Diski iliyosahaulika kwenye meza ya chakula Namanga inaweza kumpa mshindani siri ya bei. Aidha, sheria za ulinzi wa taarifa binafsi zinamtaka anayehifadhi taarifa za watu azilinde: Kenya na Uganda zilipitisha sheria hizo mwaka 2019, Rwanda 2021 na Tanzania 2022.

Kwa hiyo diski inayosafiri ifungwe kwa nywila. Baadhi zina kifungio ndani ya diski yenyewe. Kwa zisizo nacho, Windows Pro ina BitLocker na kompyuta za Apple zina kifungio chao. Angalizo ni kwamba nywila ikisahaulika, mtengenezaji hawezi kuirudisha na kilichomo kimekwenda. Iandikwe na kuwekwa kwenye sefu, si kubandikwa nyuma ya diski.

Diski bandia

Sokoni na kwenye mitandao huonekana "SSD" za TB 8 au TB 16 kwa bei ya chini kuliko halali ya TB 1. Ndani yake mara nyingi kuna kadi ndogo ya kumbukumbu iliyogeuzwa ili idanganye kompyuta kuhusu ukubwa wake. Mnunuzi hunakili mafaili, majina huonekana yote, lakini baada ya ukubwa halisi kujaa, mafaili mapya huharibu ya zamani. Ubaya wake ni kwamba hasara hugunduliwa siku hati inapohitajika.

Kinga ni kuijaribu diski siku ya kuinunua, ikiwa tupu. Programu za bure za H2testw kwa Windows na F3 kwa Linux na Mac huijaza diski yote na kusoma kilichoandikwa. Kwa TB 1 kwenye tundu la gigabiti 5, kuandika na kusoma huchukua saa moja na nusu hivi. Ni vizuri mnunuzi akubaliane na mwenye duka, awe Kariakoo au Luthuli Avenue, kwamba diski itarudishwa ikifeli, na akubaliane kabla ya kulipa.

Diski moja si hifadhi

Hata diski halali ya chapa kubwa huweza kufa. Mwaka 2023 Western Digital, ambayo wakati huo ilikuwa ikimiliki SanDisk, ilitoa programu ya kurekebisha kasoro kwenye baadhi ya diski zake za SSD za kubeba. Dhamana ya miaka 3 au 5 humrudishia mnunuzi diski mpya, haimrudishii ankara zake. Na SSD ikiharibika, au faili likifutwa kwa bahati mbaya, mafundi huwa na nafasi ndogo ya kuokoa kilichomo kuliko kwenye diski ya kawaida.

Vilevile, chipu hupoteza kumbukumbu polepole zikikaa bila umeme, hasa kwenye joto. Kipimo cha JEDEC, taasisi ya viwango vya chipu, kwa SSD za kompyuta za kawaida ni kutunza kumbukumbu mwaka mmoja bila umeme kwenye nyuzi 30, diski ikiwa imeshatumia uhai wake wote wa kuandikiwa. Diski mpya hudumu zaidi, lakini kuifungia kabatini miaka mitano bila kuigusa si busara. Ichomekwe na kukaguliwa angalau mara mbili kwa mwaka.

Kwa hesabu ya biashara, bajeti moja inagawanyika hivi: SSD ndogo yenye nywila kwa kazi za kila siku na safari, diski ya kawaida ya bei nafuu inayobaki ofisini, na nakala ya tatu ya hati muhimu nje ya jengo hilo, iwe kwenye hifadhi ya mtandaoni au kwenye diski iliyoko nyumbani. Moto, mwizi au umeme unaokatika katikati ya kunakili hautachukua zote tatu kwa mpigo.

Anayekwenda dukani leo aanze na maswali manne, kwa mpangilio huu: nitahifadhi GB ngapi kwa miaka mitano, tundu la kompyuta yangu ni la aina gani, diski itasafiri au itakaa, na nakala ya pili itakuwa wapi. Asiye na jibu la swali la nne apunguze ukubwa au kasi ya diski anayoitaka, mpaka fedha itoshe kununua mbili.