Kabla ya kuishusha transfa, uliza ni nini kilichoinuliwa

Mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye siku hizi ni dereva wa kliniki tamba katika Kaunti ya Marsabit, alinipigia simu majuzi. Land Rover Defender wanayotumia iliinuliwa ili ipite juu ya mawe bila kugusa. Sasa ikifika kilomita 80 kwa saa, sakafu nzima inatetemeka. "Shikamoo Mwalimu. Fundi mmoja anataka kuishusha transfa, mwingine anasema tununue propela nyingine ya mbele. Wewe ndiwe mtu wa maneno. Hawa wanabishania nini hasa?"

Swali hilo si la mzaha. Propela ikikatika kati ya Marsabit na North Horr, chanjo zilizo ndani ya kisanduku cha barafu hazitasubiri gari la kuwavuta. Namjibu hapa kwa sababu ubishi wa mafundi wale ni wa maana kabla ya kuwa wa spana.

Tuanze na majina. Transfa ni kisanduku cha gia kinachofuata giaboksi. Kazi yake ni kugawa nguvu za injini kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma, na kumpa dereva gia nzito za kupandia mlima. Propela ni bomba la chuma linalozipeleka nguvu hizo kutoka transfa hadi kwenye difu, katikati ya ekseli. Msomaji wa Pwani asidanganyike na jina: propela ya gereji si rafadha ya meli, wala haina panga hata moja. Tuliliazima neno kutoka Kiingereza cha Uingereza. Wamarekani wana jina lao tofauti.

Kila mwisho wa propela una krosi, kipande chenye umbo la msalaba kinachoruhusu bomba kupinda huku likizunguka, mfano wa kifundo cha mkono. Krosi ina ila moja. Ikipinda, haizungushi kwa mwendo sawa. Katika kila mzunguko huharakisha mara mbili na kuchelewa mara mbili. Kwa pembe ya digrii 10, mwendo huzidi na kupungua kwa takriban asilimia 1.5, kwa digrii 20, kwa takriban asilimia 6. Kinachotuokoa ni krosi ya pili. Pembe zote mbili zikilingana, nayo mikono inayoshika krosi hizo ikipangwa sambamba, kasoro ya moja hufutwa na ya nyingine. Usawa huo ukivunjika, mtetemo huanza. Tukumbuke kwamba kwa kilomita 80 kwa saa, propela ya Defender huzunguka karibu mara 1,900 kwa dakika.

Sasa tufike kwenye kitenzi chenyewe: kuinua. Katika gereji zetu kinabeba vitendo vitatu. Unaweza kuinua gari kwa kulivisha tairi kubwa. Unaweza kuinua bodi kwa kuweka vipande kati yake na chesisi. Au unaweza kubadilisha springi na shokamzoba ili chesisi ikae mbali zaidi na ekseli. Viwili vya kwanza haviigusi pembe ya propela, kwa maana transfa imefungwa kwenye chesisi, si kwenye bodi. Cha tatu ndicho kinachoibadilisha. Kwa hivyo swali la kwanza kwa fundi si "Tushushe transfa?" bali "Ni nini kilichoinuliwa, na kwa sentimita ngapi?"

Idadi ya sentimita nayo haitoshi bila urefu wa propela. Chukua propela ya sentimita 120 iliyokuwa imelala sawa. Ukiinua chesisi kwa sentimita 10, propela huinama kwa karibu digrii 5. Ikiwa ni ya sentimita 60, inakaribia digrii 10. Ndiyo maana gari fupi huteseka kuliko refu, na propela fupi ya mbele hulalamika kabla ya ile ndefu ya nyuma.

Mafundi wana dawa kadhaa, na kila moja ina bei yake. Kuishusha transfa hupunguza pembe, lakini hukurudisha karibu na yale mawe uliyotaka kuyakwepa. Isitoshe, katika Defender transfa imeshikana na giaboksi, na giaboksi na injini. Ukishusha kimoja, vingine huinama pamoja nacho. Dawa ya pili ni kabari ya chuma, inayowekwa kati ya springi za majani na ekseli ili kuigeuza difu. Hiyo hufaa ekseli ya nyuma. Ukiigeuza ya mbele ili difu itazame juu, unaharibu pembe ya usukani, na gari huanza kutangatanga barabarani. Ya tatu ni propela yenye krosi mbili zilizokaribiana upande wa transfa. Pembe ile kubwa hugawanywa kati ya hizo mbili, kwa sharti kwamba difu iwe imeielekea transfa.

Aina ya transfa nayo ina neno. Ile ya Defender, LT230, huzungusha magurudumu yote manne wakati wote, hivyo propela ya mbele haipumziki hata kwenye lami. Land Cruiser nyingi za mfululizo wa 70 zina transfa inayounganisha mbele pale tu dereva anapotaka, na ukifungua vifungio vya magurudumu ya mbele, propela hiyo husimama. Gari la namna hiyo huvumilia pembe mbaya ya mbele barabarani. Defender haivumilii.

Kuna jambo moja zaidi. Springi za Defender zikirefushwa, mikono inayoshika ekseli ya mbele huizungusha kidogo, na difu hutazama juu kuelekea transfa. Pembe ya upande wa transfa huongezeka huku ya upande wa difu ikibaki ndogo. Usawa umekwisha. Hapo namuunga mkono fundi wa pili: propela ya krosi mbili ndiyo dawa, na transfa ibaki ilipo. Lakini kwanza krosi zilizopo zikaguliwe kama zimelegea, kwa sababu krosi ni rahisi kuliko propela nzima. Pia ipimwe sehemu ya propela inayoteleza ili kurefuka na kufupika. Gari lililoinuliwa huivuta, na meno yakishikana kidogo mno, propela inaweza kuchomoka.

Nasi wanaistilahi tuna la kujifunza. Kabari tunayo tangu enzi za wapasua kuni. Propela, transfa na krosi zimekwisha kupata uraia gerejini, na sioni haja ya kuwabunia mafundi majina mapya watakayoyacheka. Pengo liko katika kitenzi. Kuinua tairi, kuinua bodi na kuinua chesisi ni kazi tatu tofauti, na risiti ya gereji inayoandika "kuinua gari" peke yake haijamwambia mwenye gari alichokilipia.