Saa ya Mashine na Saa ya Umma: Upangaji wa Kazi za Kujirudia katika Programu za Huduma za Kikanda

Ikisiri

Programu nyingi za umma hufanya sehemu kubwa ya kazi zake wakati watumishi wamelala: hujumlisha takwimu, hufunga hesabu, hutuma vikumbusho na kunakili hifadhidata. Makala haya yanafafanua namna kazi hizo zinavyopangiwa saa, na yanajenga hoja moja: saa ya kazi ya kujirudia ni uamuzi wa kisera, ijapokuwa huandikwa kwa alama za kiufundi. Kwa kuwa Jumuiya ya Afrika Mashariki sasa imeenea katika kanda tatu za saa, uamuzi huo haufai kuachwa mikononi mwa mwandishi wa programu peke yake.

1.0 Utangulizi

Mshauri wa sera anayefungua ukurasa wa takwimu za afya asubuhi huamini kwamba anaiona hali ilivyo. Mara nyingi anaiona hali ilivyokuwa jana. Katika DHIS2, mfumo unaoendelezwa chini ya uratibu wa Chuo Kikuu cha Oslo na kutumiwa na wizara za afya za Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda, miongoni mwa nyingine, takwimu inayoingizwa na zahanati huhifadhiwa papo hapo. Hata hivyo, kwa kawaida haionekani katika chati mpaka majedwali ya uchambuzi yaundwe upya. Kazi hiyo ni nzito, hivyo aghalabu hupangwa ifanyike usiku. Ikikwama, chati hazitoweki; hubaki na sura ileile, zikieleza ya juzi kana kwamba ni ya leo. Kwa hiyo, anayesoma takwimu ana sababu ya kutaka kujua zilipikwa lini.

2.0 Namna Ratiba Inavyoandikwa

Chombo kinachofahamika zaidi katika upangaji huu ni cron, kilichokuwamo katika Toleo la 7 la mfumo endeshi wa Unix lililotolewa na Bell Labs mwaka 1979. Utaratibu wake ni mwepisi: kila dakika huamka, husoma orodha ya kazi, na kuziendesha zile ambazo wakati wake umewadia. Mwaka 1987 Paul Vixie alitoa toleo lililoenea sana, na namna yake ya kuandika ratiba imeigwa na vipanga ratiba vingi vya leo.

Ratiba ina sehemu tano: dakika, saa, siku ya mwezi, mwezi na siku ya wiki. Alama ya nyota humaanisha «kila». Kwa hiyo «30 2 * * *» ni saa nane na nusu usiku kila siku, na «0 6 * * 1» ni saa kumi na mbili asubuhi kila Jumatatu.

Wepesi huo una mtego. Msomaji wa «0 6 1 * 1» anaweza kudhani kazi itafanyika tarehe 1 iwapo tu ni Jumatatu. Sivyo. Siku ya mwezi na siku ya wiki zikitajwa zote mbili, cron huiendesha kazi pindi mojawapo inapotimia: kila tarehe 1, na kila Jumatatu pia. Ripoti iliyokusudiwa kutoka mara chache kwa mwaka itatoka kila wiki.

3.0 Lugha, Saa na Mipaka

Kwa watumiaji wa Kiswahili kuna mitego mingine inayotokana na lugha yenyewe. Saa zetu huhesabiwa tangu mapambazuko na tangu machweo. Mashine huhesabu tangu usiku wa manane. Agizo la ofisi lisemalo «saa mbili usiku» linapaswa kuandikwa 20. Mwandishi wa programu asiye makini ataandika 2, na kazi itafanyika saa nane usiku. Siku za wiki nazo zina utata. Jumatatu imebeba «tatu» katika jina lake, lakini kwa cron ni siku ya 1. Jumamosi imebeba «mosi», nayo ni ya 6. Zaidi ya hayo, katika mapokeo yanayoianza siku kwa machweo, «usiku wa Ijumaa» ni usiku unaofuata mchana wa Alhamisi. Maneno «usiku wa kuamkia Ijumaa» huondoa shaka, na yanafaa kutumiwa katika maagizo rasmi.

Tukivuka mipaka, jambo linakuwa zito zaidi. Tanzania, Kenya, Uganda na Somalia ziko saa 3 mbele ya saa sanifu ya dunia, UTC. Rwanda, Burundi na Sudan Kusini ziko saa 2 mbele. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, iliyojiunga na Jumuiya mwaka 2022, ina kanda mbili: Goma na Lubumbashi ziko saa 2 mbele, Kinshasa saa 1.

Tuchukue mfano wa kubuni: mfumo wa kikanda unaofunga hesabu za mwezi saa sita usiku kwa saa ya Dar es Salaam. Wakati huo Kigali ni saa tano usiku, na Kinshasa ni saa nne usiku, ambako siku ya mwisho ya mwezi bado haijaisha. Miamala ya saa mbili za Kinshasa itahamia mwezi unaofuata, kila mwezi, bila ya mtu yeyote kukosea katika uingizaji. Seva ikiwekwa katika UTC, ugumu hauondoki, unahama tu: mwezi utafungwa saa tisa usiku Dar es Salaam, saa nane Kigali na saa saba Kinshasa. Hakuna saa moja inayozitendea haki kanda zote. Lazima mtu mwenye mamlaka aamue ni mpaka upi wa siku unaohesabika kisheria.

Wala haitoshi kuandika tofauti ya saa kama nambari isiyobadilika. Tarehe 1 Februari 2021 Sudan Kusini ilirudisha saa zake nyuma kwa saa moja. Mfumo ulioandika «+3» ulibaki na kosa. Uliotaja ukanda kwa jina, Africa/Juba, ulihitaji tu kusasishiwa orodha ya kanda.

4.0 Kazi Iliyokosa, Iliyojirudia na Iliyonyamaza

Kwa kawaida cron haikumbuki kazi iliyopitwa na wakati wake. Umeme ukikatika saa nane usiku na kurudi saa tisa, kazi ya saa nane na nusu haifanyiki mpaka kesho yake. Vipo vyombo vinavyofidia pengo hilo, kama anacron na vipima muda vya systemd, lakini lazima vichaguliwe kwa makusudi.

Fidia nayo huzaa hatari ya kurudia. Kujumlisha takwimu mara mbili hakudhuru iwapo jedwali hufutwa na kuundwa upya. Kulipa posho mara mbili kunadhuru. Kazi inayogusa fedha sharti iweke alama ya kipindi ilichokwisha kukihudumia, na iitazame alama hiyo kabla ya kuanza. Aidha, ishike kufuli ili kazi ya leo isianze huku ya jana ikiendelea.

Hatari ya tatu ni ukimya. Mtumiaji aliye mbele ya skrini huliona kosa na kulalamika; kazi ya usiku haina shahidi. Haitoshi kutuma taarifa ya kosa, kwa kuwa kazi ambayo haikuanza kabisa haina cha kutuma. Njia iliyo salama ni kinyume chake: kazi itume ishara kila inapofaulu, na chombo kingine kipige kengele ishara hiyo isipofika.

5.0 Hitimisho na Mapendekezo

Makala haya yanapendekeza mambo manne. Kwanza, kila mkataba wa mfumo wa umma uambatishwe na orodha ya kazi za kujirudia, ukitaja ukanda wa saa kwa jina na saa kwa mfumo wa saa 24. Pili, mpaka wa siku na wa mwezi uamuliwe na taasisi inayomiliki takwimu. Tatu, kila ripoti ichapwe ikiwa na saa ya mwisho ambapo takwimu zake zilisasishwa. Nne, ajulikane kwa cheo mtumishi anayewajibika kazi ya usiku isipofanyika. Gharama ya mambo haya ni ndogo. Yasipofanywa, tutaendelea kugawa dawa na fedha kwa takwimu tusizojua umri wake.