Kuliko Nani?

Mwanafunzi wa Piana-Mwanga akiandika kwamba Ziwa Tanganyika ni «deeper than any lake in Africa», amelifanya lijipite lenyewe, maana nalo limo Afrika. Yampasa kutia neno dogo: «any other lake». Kina chake chafika mita 1,470 hivi. Duniani ni Baikal ya Urusi tu inayolipita.

Kosa hilo huchekesha, basi. Lililo baya ni kuacha sentensi nusu. «I love you more than Joseph»: kuliko nimpendavyo Yosefu, ama kuliko Yosefu akupendavyo? Barua ya namna hii yaweza kuvunja uchumba! Kiingereza hudai kitenzi: «than Joseph does», au «than I love Joseph».

Nasi hatukuokoka, kwa kuwa «kuliko» yetu, hata «kupita» ya hapa kwetu, ina mtego ule ule. Katika Injili ya Yohane, sura ya 21, Bwana amwuliza Petro kama ampenda kuliko hawa. Wengi hufahamu: kuliko hawa wanipendavyo, kwani Petro alikuwa amejisifu kwamba wote wajapoanguka, yeye hataanguka. Wengine husema: kuliko uwapendavyo hawa. Kigiriki chenyewe hakikukata shauri. Naye Petro alijibu tu kwamba ampenda, «kuliko» hakuitaja.