Duka la Pembejeo Linapojibu kwa Chatiboti

Chatiboti ya huduma kwa wateja ni programu inayojibu maswali ya mteja kwa maandishi, usiku na mchana, kwa kutegemea maelezo ambayo taasisi yenyewe imeyaweka kwenye tovuti yake. Mteja huandika swali kama anavyomwandikia mtu kwenye WhatsApp, akajibiwa hapo hapo bila kupekua kurasa. Kampuni ya simu ya Safaricom ya Kenya ina chatiboti iitwayo Zuri. Programu za namna hii si ngeni: ELIZA ya Joseph Weizenbaum ilitoka Marekani mwaka 1966, ingawa ilirudisha tu maneno ya muulizaji kwa kanuni zilizopangwa.

Mifumo mikubwa ya lugha ya leo huandika kwa ufasaha zaidi, na hapo ndipo penye hatari. Mfumo kama huo haujui bei za duka la pembejeo lililoko Mazwi, mjini Sumbawanga, Tanzania, lakini ukiulizwa unaweza kubuni jibu linaloshawishi. Ili kuuzuia, hutumika mbinu iliyoelezwa na mtafiti Patrick Lewis na wenzake mwaka 2020: kutafuta kwanza, kuandika baadaye. Kurasa za tovuti hukusanywa, zikaondolewa menyu na matangazo, kisha zikakatwa vipande vya aya moja au mbili. Kila kipande hugeuzwa kuwa mfululizo wa namba unaowakilisha maana yake, hata “DAP” na “mbolea ya kupandia” zikawa jirani. Swali nalo hugeuzwa hivyo hivyo, vipande vilivyo karibu nalo huletwa, na mfumo huamriwa ujibu kutokana na hivyo tu.

Kwa mtaalamu, sehemu hiyo ni kazi ya siku chache. Kazi kubwa ni yaliyomo. Tovuti nyingi zimejaa dira, dhamira na picha za uzinduzi, wakati mkulima wa Ufipa, mvua za Novemba zikikaribia, anauliza kama mbolea imeshafika, kama duka hufunguliwa Jumamosi, kama mzigo unaweza kupelekwa Laela. Majibu ya maswali hayo yamo kichwani mwa muuzaji wa kaunta. Kwa hiyo ni lazima mtu akae naye, aandike maswali kwa maneno ya wanaouliza, na kila jibu lipate ukurasa wake.

Tarehe zinahitaji uangalifu wa pekee. Katika mpango wa mbolea ya ruzuku ulioanza msimu wa 2022/2023, mkulima hununua kwa namba yake ya usajili, na bei hutangazwa kwa msimu. Ukurasa wa bei za zamani ukiachwa, programu itauokota bila kujua kuwa umepitwa na wakati. Anayeumia ni mkulima wa Mtowisa aliyelipa nauli na kupanda mwinuko wa Lyamba lya Mfipa kutoka bondeni, akakuta bei nyingine. Wala mwenye duka hawezi kusingizia mashine: Februari 2024, baraza la usuluhishi la British Columbia, Kanada, liliiamuru kampuni ya ndege ya Air Canada kumlipa fidia abiria aliyepotoshwa na chatiboti yake kuhusu nauli ya waliofiwa.

Majaribio yafanywe kwa ujumbe halisi wa wateja, wenye vifupisho na makosa ya tahajia: “dap bei gan”, “ruzuku ishafika”. Pale vipande vilivyopatikana havilingani na swali, programu iseme haina jibu na itoe namba ya simu ya mhudumu. Chatiboti isiyoweza kukiri hivyo haifai kufunguliwa kwa umma.

Maswali ya wateja huja na majina na namba za simu. Kuyatunza kunabanwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Yanayohifadhiwa yawe yale tu yanayohitajika.

Wapo pia wateja wengi wenye simu za kitochi, ambao chatiboti ya tovuti haiwafikii kabisa. Nchini Kenya, shirika la Jacaranda Health huwajibu wajawazito na kina mama kupitia SMS katika huduma yake ya PROMPTS, na mwaka 2023 lilitoa UlizaLlama, mfumo wa lugha uliofunzwa Kiswahili. Duka la Mazwi linaweza kuunganisha hazina yake ya majibu na SMS kwa njia hiyo hiyo, mradi majibu yaandikwe mafupi na maswali yaliyokosa jibu yapitiwe kila wiki, yaandikiwe kurasa mpya.