Planet Rock

Planet Rock ni kituo cha redio cha Uingereza kinachopiga muziki wa roki wa zamani, hasa ule uliorekodiwa tangu mwisho wa miaka ya 1960 hadi miaka ya 1980. Kilianza kurusha matangazo tarehe 15 Novemba 1999 kwa mfumo wa dijitali uitwao DAB. Kati ya miaka 2013 na 2015 kilisikika pia kwa FM katika eneo la West Midlands, ambalo mji wake mkubwa ni Birmingham.

Muziki na watangazaji

Miongoni mwa bendi zinazohesabiwa katika aina hii ya muziki ni Led Zeppelin, Deep Purple, Pink Floyd na Queen, ambayo mwimbaji wake Freddie Mercury alizaliwa Zanzibar mwaka 1946. Baadhi ya wanamuziki wenyewe wamewahi kuendesha vipindi kituoni, wakiwemo Alice Cooper wa Marekani na mpiga kinanda Rick Wakeman.

Kunusurika mwaka 2008

Matangazo ya DAB hayapokelewi na redio ya kawaida; msikilizaji hana budi kununua redio maalumu, na miaka ya mwanzo redio hizo zilikuwa ghali. Kwa hiyo kituo kilikuwa na wapenzi waaminifu lakini hawakuwa wengi wa kutosha kuleta faida. Februari 2008 kampuni iliyokimiliki, GCap Media, ilitangaza kwamba itakiuza au kukifunga. Kituo chake kingine, kilichopiga muziki wa jazi, kilifungwa kweli mwaka huohuo. Planet Rock kilinunuliwa mwezi Juni na mfanyabiashara Malcolm Bluemel, aliyekuwa shabiki wa muziki huo. Waliomuunga mkono ni pamoja na wanamuziki Tony Iommi, Ian Anderson, Gary Moore na Fish.

Miaka miwili ya FM

Mwaka 2013 kituo kilinunuliwa na kampuni ya Bauer. Kampuni hiyo tayari ilikuwa na masafa ya FM 105.2 katika West Midlands, yaliyotumiwa na Kerrang! Radio tangu 2004. Kerrang! ilipohamishiwa London, masafa hayo yalipewa Planet Rock. Sasa mtu mwenye redio kuukuu jikoni, au dereva ndani ya gari, aliweza kukisikiliza bila kununua kifaa kipya.

Pengine hapakuwa na mahali pa kukifaa zaidi. Wanamuziki wanne walioanzisha Black Sabbath mwaka 1968 walikulia Aston, mtaa wa viwanda mjini Birmingham. Mmoja wao ni huyo Tony Iommi, ambaye akiwa kijana alikatwa ncha za vidole viwili na mashine ya kiwanda cha mabati. Alijitengenezea vifuniko vya vidole, akaendelea kupiga gitaa. Robert Plant wa Led Zeppelin alizaliwa West Bromwich, karibu na hapo, na bendi ya Judas Priest pia ilitoka eneo hilo.

Hata hivyo, Septemba 2015 masafa ya 105.2 yalipewa Absolute Radio, kituo kingine cha Bauer. Planet Rock kilirudi kutegemea DAB na intaneti, ambako wasikilizaji wa Birmingham walilazimika kukifuata.