Ukali kama Sifa: Lugha ya Shabiki wa Deth Metali Aipokeapo Albamu Mpya

1.0 Utangulizi

Msomaji asiyeuzoea muziki wa deth metali, akikutana na maneno ya shabiki aliyekwisha kuisikiliza albamu mpya, anaweza kudhani kuwa anasoma malalamiko. Albamu inaitwa katili, chafu, iliyooza. Magitaa yanasemwa kuwa yanaponda mifupa, na mwimbaji kuwa ananguruma kama mnyama aliyefukiwa shimoni. Baada ya hayo yote shabiki huyo huyo hutamka kwamba hajasikia kazi nzuri kuliko hiyo kwa miaka mingi. Makala haya yanachunguza jinsi sifa za namna hii zinavyojenga maana yake. Dai linalotolewa ni kwamba mageuzi ya maana yanayoonekana humo yana kanuni, na kwamba kanuni hiyo si ngeni kwa mzungumzaji wa Kiswahili.

Mfano utakaotumika ni mapokezi ya albamu ya Absolute Elsewhere, iliyotolewa tarehe 4 Oktoba 2024 na Blood Incantation, kundi la watu wanne kutoka Denver, Marekani. Historia ya muziki wenyewe yatosha kugusiwa. Jina la deth metali, yaani metali ya mauti, lilibebwa na wimbo wa kundi la Possessed la California uliomo katika albamu yao ya mwaka 1985. Miaka miwili baadaye kundi la Death, likiongozwa na Chuck Schuldiner wa Florida, lilitoa Scream Bloody Gore, na tangu hapo mji wa Tampa nchini Marekani na Stockholm nchini Sweden ikawa vituo vikuu viwili vya muziki huu.

2.0 Sauti na maneno

Katika usemaji wa kawaida sauti ghuna hutokana na mtetemo wa nyuzi za sauti zilizomo katika koromeo. Juu ya nyuzi hizo ipo mikunjo mingine miwili, ambayo wanafonetiki huiita nyuzi bandia, na ambayo mzungumzaji haitumii anapozungumza. Mwimbaji wa deth metali huikaza mikunjo hiyo na kuilazimisha nayo itetemeke. Matokeo yake ni mngurumo mzito wenye mitetemo isiyolingana, hata sikio likashindwa kushika kiwango kimoja cha sauti. Waimbaji wa Tuva, kusini mwa Siberia, hutumia mikunjo hiyo hiyo katika mtindo wao wa kargyraa, lakini wao huiendesha kwa ulinganifu, na ndiyo maana kwao kiwango hubaki kikisikika. Mwimbaji wa deth metali hana kiwango cha kupandisha wala kushusha, hivyo lahani haiwezi kukaa katika sauti yake. Lahani huhamia kwenye magitaa, na sauti ya binadamu ikaingia upande wa ngoma.

Jambo hili lina athari kwa maneno. Irabu hukaribiana, konsonanti humezwa, na msikilizaji wa mara ya kwanza haambulii neno. Shabiki hufunua karatasi iliyochapishwa maneno ya nyimbo, huyasoma huku akisikiliza, na baada ya mara tatu au nne huanza kuyasikia. Akili yake hulijaza pengo lililoachwa na sikio, kama afanyavyo mtu anayezungumza na mwenzake katika kelele za kituo cha basi.

Inafaa kutua kidogo hapa, kwa sababu msomi wa Kiswahili ana mazoea tofauti. Katika taarabu wimbo ni maneno. Msikilizaji huinuka kwenda kutuza kwa sababu ya ubeti uliomgusa, au uliomgusa jirani yake. Shabiki wa deth metali, katika kueleza furaha yake, ni nadra kunukuu hata mstari mmoja. Husifu mpito kutoka sehemu moja ya wimbo hadi nyingine, uzito wa gitaa, kasi ya miguu ya mpiga ngoma. Kumwuliza wimbo wake unasema nini ni sawa na kumwuliza mpenda dansi saksafoni ilikuwa ikisema nini.

3.0 Kanuni ya ukali

Yafaa sasa kuyatazama maneno ya Kiswahili. Kivumishi -kali hutumika kwa kisu, jua, pilipili, mbwa na mwalimu. Hutumika pia kwa wimbo, na wimbo mkali ni wimbo mzuri. Mchezaji wa mpira anayeogopwa huitwa hatari au balaa. Vijana wa mijini humwambia aliyependeza au aliyetumbuiza vyema kwamba ameua. Kielezi vibaya kimefika mahali pa kuongeza nguvu tu, kama katika tungo ‘amependeza vibaya’. Hakuna mzungumzaji anayesita kufikiria ni nani aliyeuawa.

Mifano hii ina jambo moja la pamoja. Maneno yaliyopanda hadhi ni yale yaliyobeba nguvu tangu mwanzo: ya kukata, kuunguza, kutisha, kuua. Kinachohifadhiwa ni kipimo cha nguvu, na kinachoachwa ni hukumu ya ubaya. Ndiyo sababu maneno kama dhaifu, butu au -a kuchosha hayajapanda, na hakuna dalili kwamba yatapanda. Yana ubaya lakini hayana nguvu ya kuhifadhiwa.

Msamiati wa shabiki wa deth metali unafuata njia hiyo hiyo. Ukatili, uzito na kuponda ni sifa. Ulaini na kutabirika ni kasoro, kama ilivyo kwa mtu yeyote. Neno linaloonekana kuvunja kanuni ni chafu, maana uchafu hauna nguvu kwa asili yake. Maelezo yake yamo katika ufundi. Gitaa la muziki huu hupitishwa katika vifaa vinavyoikwaruza sauti yake makusudi, na mkwaruzo ukizidi, uzito unaongezeka. Uchafu wa sauti ni kipimo cha nguvu. Kwa hiyo kinyume chake nacho kimegeuka: shabiki akisema kuwa albamu imerekodiwa kwa usafi uliopita kiasi, analalamika. Pale jozi nzima ya vinyume inapogeuka kwa pamoja, mtafiti ana haki ya kusema kwamba anatazama mfumo.

Kuusoma msamiati huu neno kwa neno kumekuwa na gharama. Nchini Ujerumani kundi la Cannibal Corpse la Marekani lilizuiwa kupiga jukwaani nyimbo za albamu zake tatu za mwanzo, na kizuizi hicho kilidumu hadi mwaka 2006. Maneno ya nyimbo hizo yanachukiza kweli, na hakuna haja ya kuyatetea hapa. Swali la mwanaisimu ni jingine, yaani kama anayeyafurahia huyafurahia kwa maana yake ya msingi. Mwaka 2019 Yanan Sun, William Forde Thompson na wenzao wa Chuo Kikuu cha Macquarie, Australia, walichapisha jaribio lililohusu mashabiki 32 wa muziki wa aina hii na watu 48 wasio mashabiki. Kila jicho lilionyeshwa picha yake, moja ya ukatili na nyingine ya kawaida, huku mhusika akisikiliza wimbo wa Bloodbath au wa Pharrell Williams. Akili ya binadamu kwa kawaida hutangulia kuiona picha ya hatari. Ikiwa muziki umemfisha mtu ganzi, utangulizi huo ungepungua. Kwa mashabiki haukupungua. Ukatili wa kweli uliwashtua kama ulivyowashtua wengine.

4.0 Albamu iliyouzidi msamiati

Absolute Elsewhere ina nyimbo mbili tu, kila mmoja ukigawanywa sehemu tatu zinazoitwa vibao, na yote huchukua zaidi ya dakika 40. Ilirekodiwa katika studio za Hansa mjini Berlin, ambako David Bowie alirekodi “Heroes” mwaka 1977, na Thorsten Quaeschning wa kundi la Kijerumani la Tangerine Dream alialikwa kupiga vinanda vya umeme. Mngurumo hukatika ghafla, vinanda vikatanda kwa dakika kadhaa, sauti ya kuimba isiyokwaruzwa ikaingia, kisha ngoma zikarudi kwa kasi yake yote.

Shabiki anayeishangilia hukabiliwa na tatizo la lugha. Maneno ya ukatili yanatosha kwa nusu ya albamu. Kwa nusu nyingine hulazimika kuazima msamiati wa anga na safari: upana, kuelea, kufunguka. Hata hivyo hawezi kuyaacha haya yasimame peke yake, kwa kuwa mwaka 2022 kundi hilo hilo lilitoa Timewave Zero, albamu ya vinanda isiyo na mngurumo hata mmoja, na wapo waliouliza kama bado wanastahili jina la deth metali. Hapo ndipo sifa inapogeuka kuwa hoja. Kila anapotaja utulivu wa kinanda, shabiki huharakisha kutaja uzito unaoufuata, na kiunganishi anachokitegemea ni ‘lakini’. Maneno ya ukali hapo hufanya kazi ya pili, ambayo wachunguzi wengi wa lugha za makundi huipuuza. Ni ushahidi kwamba kilichopendwa bado kimo ndani ya mipaka ya jamii ya wapendao.

Mfasiri atakayetaka kuiweka furaha hii katika Kiswahili asianze na neno katili, ingawa kamusi itamwelekeza huko. Katili ni mtu mwenye nia, na albamu haina nia ya kumtesa mtu. Chaguo la kwanza ni -kali, ambalo limekwisha kufanya safari hiyo. Kwa ngoma zinazorudi baada ya kinanda kunyamaza, ‘wameua’ inatosha.